Moyo kupiga mbio baada ya kula: maswali tunayoulizwa Bukavu, na wakati wa kumwona munganga (daktari)

Mama mmoja muuza sambaza aliingia kwenye kituo chetu cha afya saa nane mchana, mkono kifuani, magamba ya samaki bado yamenata kwenye kitenge. “Muforomo,” akaniambia, kwa kuwa mimi ni muuguzi, “nikisha kula roho inanipigapiga sana, sawa mutu mwenye kukimbia.” Alikuwa amekwisha kwenda famasi mara tatu. Kila mara alirudi na vidonge, na hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo. Maswali yaliyo hapa chini ni yake na ya wengine wanaokaa kwenye benchi lile lile. Nayajibu kama ninavyowajibu wao. Majibu haya yatakusaidia kujua pa kuanzia, lakini kupimwa ni lazima pale ninaposema upimwe.

Je, ni kawaida moyo kwenda mbio baada ya kula?

Kiasi kidogo, ndiyo. Chakula kikifika tumboni, mwili unapeleka damu nyingi zaidi tumboni na kwenye utumbo ili kazi ya kusaga iende. Ili ubongo na viungo vingine visipungukiwe, moyo unaongeza kasi na nguvu. Kwa mtu mwenye afya yanaongezeka mapigo machache tu kwa dakika, na mara nyingi hayasikii.

Sasa tazama maisha yetu. Mtu hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Saa kumi anakula bugali kubwa na sombe (majani ya muhogo), anamaliza, halafu anaanza kupanda mtaa wa Kadutu kurudi nyumbani na mzigo kichwani. Tumbo linadai damu, miguu inadai damu, na mlima haumsubiri. Mji wetu, huku mashariki ya Kongo, uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na njia zake ni panda shuka. Moyo wa namna hiyo lazima ukimbie, na si ugonjwa.

Vitabu vinashauri kula kidogo kidogo mara tano kwa siku. Mimi najua bei ya unga, siwezi kumwambia hivyo mtu mwenye sahani moja. Ninachomwambia ni kuigawa hiyo sahani mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya saa mbili au tatu, na kukaa walau nusu saa kabla ya kupanda mlima. Wengi wanarudi wakisema imetosha.

Nitajuaje kama kweli moyo unakwenda mbio?

Hesabu. Geuza kiganja kiangalie juu, weka vidole viwili vya mkono mwingine chini ya kidole gumba, pale mkono unapokunjika. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwa kuwa kina mpigo wake na kitakuchanganya. Fungua saa ya simu, hesabu dakika nzima. Wengine wanahesabu sekunde 15 wakazidisha mara nne, lakini mpigo usio sawa utakuponyoka ukifanya hivyo.

Mtu mzima aliyetulia yuko kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mtoto mdogo ana mapigo mengi zaidi, kwa hiyo usimpime kwa kipimo chako. Sikiliza pia mwendo wenyewe. Ngoma ya haraka inayokwenda sawa ni habari moja. Ngoma inayoruka pigo moja kisha ikagonga kwa nguvu ni habari nyingine, na kwa watu wengi huwa haina hatari. Ngoma isiyo na mpangilio wowote, leo haraka, mara polepole, mara haraka tena, ni ya tatu, na hiyo inahitaji munganga. Inaweza kuwa ule ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inaganda ndani yake, na donge likipanda kichwani mtu anapooza upande.

Mbona mnaniuliza saa ngapi, badala ya kuniuliza nimekula nini?

Tutauliza vyote viwili, lakini saa inatangulia. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona kwamba muda kati ya sahani na mdundo wa moyo unasema mambo mengi kuliko sahani yenyewe.

Ikiwa ni dakika chache tu, mtu bado ameshika tonge, fikiria mzio: midomo inavimba, ngozi inawasha, koo linabana. Hiyo ni mbio ya hospitali. Fikiria pia samaki aliyeharibika, nitamrudia.

Ikiwa ni kati ya dakika kumi na nusu saa, na mtu aliwahi kupasuliwa tumbo la chakula, huenda chakula kinashuka haraka mno kwenye utumbo. Anatoka jasho, tumbo linamkaza, anahara. Kwa aliye na tumbo zima, wakati huo huo ndipo ukubwa wa mlo, gesi na kiungulia vinapofanya kazi yao.

Ikiwa ni saa mbili hadi nne baadaye, mtu anatetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla ingawa alikula, tunashuku sukari iliyoshuka. Vyakula vya wanga mtupu, mkate mweupe na chai yenye vijiko vinne vya sukari, vinapandisha sukari haraka. Mwili unatoa insulini nyingi, sukari inateremka chini, na mwili unatoa adrenalini kuipandisha. Adrenalini ndiyo inayokimbiza moyo. Dawa yake kwa wengi iko jikoni: maharagi, karanga, yai au sambaza pamoja na ule wanga. Lakini mwenye diabeti anayetumia insulini au vidonge asisubiri hata kidogo. Sukari ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, anywe kitu chenye sukari hapo hapo, apimwe tena baada ya robo saa.

Na ikiwa ni usiku, umelala chali baada ya kula umeshiba, asidi inapanda kooni na moyo unadundadunda, kula mapema na inua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Ukigundua kwamba unahitaji mito mitatu kwa sababu pumzi inakata ukilala sawa, hayo si mambo ya tumbo tena. Njoo.

Samaki anaweza kufanya moyo ukimbie?

Ndiyo, na watu wengi hawajui. Zile chinchard na makrele zinazotoka mbali zikiwa barafu, zikiyeyuka njiani au umeme ukikatika kwa muda mrefu halafu zikagandishwa tena, bakteria wanatengeneza ndani yake kitu kiitwacho histamini. Ukila, ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu au unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, wengine wanahara. Wapo wanaosema samaki alikuwa na ladha ya pilipili ingawa hakutiwa pilipili.

Kupika hakuondoi histamini. Kukaanga hakuondoi, na moshi hauiondoi. Harufu nayo inaweza kukudanganya, kwa kuwa samaki wa namna hiyo anaweza kunukia vizuri kabisa. Ikiwa watu wawili watatu wa sahani moja wameshikwa pamoja, tushuku samaki kwanza. Mara nyingi inaisha yenyewe kwa saa chache na dawa za mzio zinasaidia, lakini anayebanwa pumzi au anayetaka kuzirai aletwe.

Jirani wanasema ni karuho, nimelishwa sumu. Je, ni kweli?

Swali hili naliheshimu. Ninajua hofu yake, na ninajua familia zilizovunjika kwa ajili yake: mkwe hali tena kwa mama mkwe, ndugu hawanywi chupa moja. Sitakucheka.

Nitakuambia ninachokiona. Mtu moyo unamdunda baada ya kula. Anaambiwa karuho, anapelekwa kunyweshwa dawa ya kutapisha. Anatapika siku mbili, tatu, anahara, hali. Anapotufikia, midomo imekauka, mapigo 130, miguu haina nguvu. Kutapika na kuhara kunatoa maji mwilini pamoja na chumvi zake, na mojawapo, potasiamu, ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka sana, moyo unaweza kukosea mwendo hadi kusimama. Alikwenda kutolewa sumu, akarudi na hatari ambayo hakuwa nayo.

Kama unaogopa kweli kwamba mtu amekunywa kitu, iwe dawa ya panya au ya mashamba, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na chombo alichonywea. Usimtapishe. Na kama dalili ni za wiki au miezi, zinakuja kila ukila, njoo tuhesabu, tupime damu, tutafute. Karibu kila mara tunapata jina lingine.

Yule mama muuza sambaza alikuwa na nini?

Nilimvuta chini kope la jicho. Ndani palikuwa peupe kama karatasi, na viganja vivyo hivyo. Damu ilikuwa imepungua. Alikuwa anatoka hedhi nzito siku nane kila mwezi na aliona ni kawaida, kwa kuwa dada zake nao wako hivyo. Damu ikiwa chache, moyo unazungusha ile iliyopo kwa haraka zaidi mchana kutwa. Mlo unaongeza kazi kidogo tu, na hapo ndipo mtu anasikia.

Hapa kwetu upungufu wa damu unaletwa na malaria, minyoo ya safura, uzazi wa karibu karibu, hedhi, na chakula chenye chuma kidogo. Sombe ina chuma, ila chuma cha majani mwili unakipokea kwa shida. Ndimu, chungwa au pera pamoja na mlo vinasaidia kipokelewe. Chai na kahawa juu ya mlo vinakizuia, basi vingoje saa moja. Mwenye choo cheusi kama lami, huyo anavuja damu ndani, asije kesho. Aje leo.

Kahawa na pombe je?

Kahawa ya Kivu ni nzuri na sitaki mtu aiache kwa woga. Mtu mzima mwenye afya anavumilia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, yaani vikombe karibu vinne. Mwenye mimba abaki chini ya 200. Kuna watu ambao kikombe kimoja kinawatosha kukosa usingizi na kudundwa na moyo, hao waache wiki mbili waone. Zile soda za kuongeza nguvu zinazonywewa na vijana wa moto (pikipiki za abiria) ili wasilale nina shaka nazo zaidi, hasa zikichanganywa na pombe.

Pombe ni jambo zito kuliko kahawa. Mwaka 1978 waganga wa Marekani waliandika kuhusu watu waliofika hospitali na moyo usio na mpangilio baada ya kunywa sana mwisho wa wiki na sikukuu, wengi wao bila ugonjwa mwingine unaojulikana. Na sisi tunawaona baada ya harusi na matanga. Bia, kasiksi (pombe ya ndizi) na kanyanga (pombe kali ya kienyeji) vyote viko ndani. Kanyanga haina kipimo, hujui umekunywa kiasi gani.

Baba yangu akimaliza kula na kusimama anapepesuka. Ni tansio?

Ni tansio, yaani presha ya damu, ila huenda ni ya kushuka. Kwa wazee, na kwa wenye diabeti au wanaotumia dawa za tansio, damu ikienda tumboni mishipa mingine haikazi vya kutosha. Ndani ya saa mbili baada ya mlo, ile namba ya juu inaweza kuteremka kutoka 14 hadi 12 (wengine wanaandika 140 hadi 120) au chini zaidi. Moyo unajaribu kuikimbilia, mzee anasikia mdundo na giza machoni.

Baba yangu mwenyewe alianguka hivyo, siku ya Jumapili, sahani bado mkononi. Tulidhani ni kupooza. Tangu siku ile anakunywa gilasi kubwa ya maji kabla ya mlo, bugali yake imepunguzwa, na anabaki kwenye kiti nusu saa hata wageni wakiaga. Pimeni tansio kabla ya kula na saa moja baadaye, mwandike namba zote mbili. Asiache dawa zake bila kumwuliza munganga. Mara nyingine kubadilisha saa ya kuzimeza kunatosha.

Nina rovu shingoni. Lina uhusiano?

Linaweza kuwa nao, kwa kuwa rovu ni tezi la shingo lililovimba, na Kivu ina historia yake hapa. Kisiwa cha Idjwi, kinachoonekana kutoka kwenye vilima vyetu, kilijulikana na watafiti tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa rovu: ayodini ilikuwa chache na muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha tatizo. Chumvi yenye ayodini ilipoingia, watoto waliokolewa na madhara makubwa. Lakini mwaka 1996 iliandikwa kuhusu Kivu hii hii kwamba baadhi ya watu wenye rovu la zamani, tezi lao lilipopata ayodini ghafla, lilianza kufanya kazi kupita kiasi.

Tezi la namna hiyo linakimbiza moyo usiku na mchana. Mtu anakula vizuri lakini anakonda, mikono inatetemeka, joto linamsumbua wengine wakivaa makoti. Usiache chumvi ya ayodini, hasa kama una watoto au mimba. Omba kipimo cha damu cha tezi. Ugonjwa huu una dawa.

Nina mimba, na moyo unadunda kila nikila.

Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, na mapigo yanapanda 10 hadi 20 kwa dakika. Kusikia mdundo baada ya mlo ni jambo la wengi. Tuangalie damu tu kwenye kliniki.

Lakini kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa, kuna ugonjwa wa moyo kudhoofika kwa mzazi. Unajificha kwa sababu kila mtu anasema “ni uchovu wa mtoto”. Miguu inavimba, kikohozi kinakuja usiku, mama hawezi kulala chali, anapumzika mara mbili kufika chooni. Ukiona hivyo kwa mzazi wa nyumbani kwako, usimpe uji umngoje. Mlete.

Je, inaweza kuwa woga tu?

Inaweza. Tumeishi na milio ya risasi, wengi hawalali. Mwili wenye hofu unatoa adrenalini ile ile ya sukari iliyoshuka, na wakati wa kula ndipo mtu anatulia kidogo akausikia moyo wake. Sipendi lile neno “tu”. Hofu ni ugonjwa unaotibika, na tunausema baada ya kuhesabu mapigo, kupima damu na kusikiliza moyo. Kijana aliyewahi kuumwa koo na viungo utotoni, akaambiwa ni woga bila kusikilizwa moyo, anaweza kuwa na valvu (mlango wa ndani ya moyo) iliyoharibika.

Niende hospitali lini?

Saa hii hii, bila kumaliza kusoma: ukizirai au kukaribia kuzirai, kifua kikikubana, hasa maumivu yakienda mkononi au taya, pumzi ikikata ukiwa umekaa, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, midomo na ulimi vikivimba, mapigo yakipita 120 umekaa kimya na hayashuki baada ya robo saa, au yakifika 150 wakati wowote wa kupumzika, ukihara maji meupe kama ya mchele. Vilevile kama unajulikana kuwa na ugonjwa wa moyo.

Usipande moto. Mtu anayeweza kuzirai akikaa nyuma ya moto ataanguka barabarani. Tafuteni taksi, mlalishe kiti cha nyuma, mmoja akae naye. Weka namba ya dereva wa mtaa wako kwenye simu leo, kwa kuwa usiku si wakati wa kuanza kuitafuta.

Ndani ya wiki hii: kama inarudi kila siku, kama mpigo hauna mpangilio, kama unakonda, kama una diabeti au tansio, kama moyo unadunda ukipanda mlima kuliko ukikaa, kama katika ukoo wenu kuna kijana aliyekufa ghafla.

Inaposhika ghafla, nifanye nini nyumbani?

Kaa. Hesabu. Kunywa maji polepole. Kuna aina inayoanza kwa ghafla kama swichi imewashwa, mapigo sawa sawa 150 au zaidi. Ukiwa njiani kwenda kupimwa, au ukisubiri taksi, na huna maumivu ya kifua, unaweza kusukuma pumzi kwa nguvu kana kwamba uko chooni, sekunde 15, kisha ulale chali mtu akuinulie miguu sekunde 15. Katika utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, njia hiyo ya kuinua miguu ilirudisha moyo kwa watu 43 kati ya 100, na kusukuma pumzi bila kuinua miguu 17. Usikandekande shingo. Na usimeze kidonge cha moyo cha jirani.

Munganga atafanya nini, na mimi nilete nini?

Atapima tansio umekaa na umesimama, atasikiliza moyo, ataomba damu, sukari, labda tezi. Ataomba ECG, ile karatasi ya mistari ya moyo. Haiumi, inachukua dakika chache. Shida yake ni kwamba inaona dakika zile tu, na moyo wako unaweza kutulia mbele ya koti jeupe. Ndiyo maana wengine wanavalishwa mashine ndogo ya saa 24, au wanapigwa ekografia (picha) ya moyo katika hospitali kubwa. Taja dawa zote: za mafua, za pumu, kinini ya malaria, majani ya kienyeji. Kinini inaweza kushusha sukari na kugusa mwendo wa moyo, kwa hiyo usiifiche.

Na uje na karatasi. Mama muuza sambaza alirudi baada ya siku kumi na ukurasa wa daftari la mtoto wake, mistari ya Jumanne hadi Alhamisi imeandikwa na binti wa darasa la tano: *Kuwa mbili, saa 7 bugali na maharagi, saa 7 na nusu mapigo 112. Kuwa tatu, saa 7 nusu sahani, 98. Kuwa ine, kidonge cha damu, nusu sahani, 94.* Munganga aliusoma kabla hajatoa chombo chake cha kusikilizia, akauliza maswali mawili tu.